Mpira wa Sakafuni Usiingie Kihengeni

Obadia, mume wangu mkorofi,

Miaka miwili na nusu! Kwani Mbeya ni mwezini? Malori yanapita barabara kuu kila siku, yanabeba viazi, yanabeba mbao, yanabeba hata mbuzi, na mbuzi wanafika. Wewe una miguu miwili na akili ya fundi, umeshindwa kufika. Halafu juzi unashuka na mkate kwapani, meno yote nje, unasema, "Kamwene, bibi! Bado hujafa tu?" Nami nikakujibu, "Nilikuwa nakungoja nikutukane kwanza." Tukacheka. Lakini mwenzio nilicheka nusu. Nusu nyingine ilikuwa imekuchukia kwa siku zote zile nilizokaa nikisikiliza lori linapunguza mwendo pale kwenye kona, nikisema huyu ni yeye, kumbe si yeye.

Haya, hilo limekwisha. Sasa hivi umekwenda ng'ambo ya mto kuwaaga baba zako wadogo wa ukoo, na najua watakushika kwa maneno mpaka jua lizame. Nimekaa mlangoni, daftari langu la kisomo nimeliweka mapajani. Usicheke mwandiko. Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nimezipata uzeeni, kwenye darasa la watu wazima, nikiishika kalamu kama mwiko. Neno refu bado linanitoa jasho. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu naujua: ukifika mahali pagumu unageuka ugomvi. Nitaanza kukwambia jambo la kweli, nitamaliza nikikuuliza kwa nini hujaoa. Basi naandika. Kesho nitakupa mkononi, ukasome garini, mbali na uso wangu.

Mambo ya kula vizuri na kuvaa sweta sikuambii. Umeshakuwa mtu mzima. Kama hujui kujifunika kwenye baridi ya Mbeya, gandamana huko huko.

Nataka kusema juu ya mpira wa sakafuni.

Jana ulisimama mkutanoni, shati limenyooka, ukawaeleza watu juu ya hosteli ile ya karibu na Mwanjelwa mnayoikarabati. Ukasema sakafu za vyumba vyote zilifunikwa mpira wa plastiki tangu enzi za wakoloni, na sasa mnaung'oa wote, mnaweka saruji mpya. Ukasema mkuu wenu wa kazi aliamuru urundikwe uani uchomwe moto, nawe ukamwendea ukamwambia, "Mzee, kwa nini tuchome kitu kizima?" Hapo nilikuona umekuwa mtu. Si kila kijana anasimama mbele ya mkuu wake kwa ajili ya takataka.

Kisha ukasema lori litauleta huku kijijini baada ya mavuno, na kila nyumba itapata vipande vya kufunika kihenge kwa ndani, chini na ubavuni, ili unyevu usiingie, fukusi wasiingie, panya wasiingie. Na ghala jipya la kijiji nalo lifunikwe vivyo hivyo. Mwenyekiti akaruka juu: "Huyu ndiye kijana! Mnamwona?" Watu wakapiga makofi. Na mimi, bibi yako, nikapiga vigelegele.

Vigelegele vile vilikuwa uongo. Ndiyo maana naandika.

Mpira ule usiingie kihengeni, Obadia. Si kwetu, si kwa jirani, si kwenye ghala la kijiji. Mimi nilishauweka. Mahindi yakaoza, chakula cha mwaka mzima. Na aliyeyaozesha si mama yako. Ni mimi.

Rudi usome tena hapo. Nimeandika polepole ili usije ukasema hukuelewa.

Ulikuwa na miaka sita. Bendera mpya ilikuwa hata haijapauka. Nilikuwa mfagiaji Iringa mjini, kwenye nyumba moja kubwa waliyokaa wazungu, ikawa inageuzwa ofisi. Nyumbani nilikuja kila wiki mbili. Mafundi walipoanza kuung'oa mpira ule walianza asubuhi, mwezi wa Juni, na asubuhi ya Juni ya kule juu unaijua. Mpira ukawa unakatika vipande vipande kama kaukau za viazi. Wakawa wanatukana, wanaupiga chepe, wanaurusha dirishani. Mimi nimesimama na fagio langu. Nikasema, "Ninyi watoto, hata ngozi ya ng'ombe ikikauka huikunji kwa nguvu. Fungueni madirisha, acheni jua liingie, mrudi saa sita." Wakanicheka. Msimamizi wao, mtu mmoja mnene mwenye penseli sikioni, akasema, "Mama fagio naye fundi!" Lakini saa sita walijaribu. Mpira ukatoka mzima, laini, wakaukunja kama mkeka. Kutoka hapo wakawa wananiita niseme wapi wakate, na jinsi ya kukwangua ile gundi nyeusi ya chini bila kuutoboa. Walipomaliza, yule mnene akasema, "Mama, chukua utakao. Umeuokoa wewe."

Nilikuja nyumbani juu ya lori, nimekalia mikunjo saba ya mpira kama malkia.

Hapo ndipo nilipopotea, mwanangu, na nataka ulishike hili kuliko yote. Nilikuwa nimepatia mara moja. Jambo moja, nyumba moja, kwa sababu ya jua. Basi nikadhani sasa naujua mpira wote, na mahali pote, na kila mtu asiyekubaliana nami ni mjinga. Mtu anayekosea kila siku hana hatari kubwa, watu wanamjua. Mwogope aliyepatia mara moja akapigiwa makofi.

Jana ulipigiwa makofi.

Nikauingiza mpira ndani ya kihenge. Nilikata, nikashona kwenye fito kwa sindano ya magunia na kamba ya katani, sakafu yote na ubavu wote, mpaka mpira ukaniishia upande wa juu karibu na mlango. Pakabaki pengo la kama urefu wa mkono, fito tupu. Watu wakaja kutazama. Kihenge kina maua mekundu ndani kama sebule ya mzungu! Mama yako alikuwa anapandisha vikapu vya mahindi. Alisimama, akaweka kiganja chake kwenye ubavu wa kihenge. Kisha akasema kwa heshima, maana Yudita hakuwahi kunipandishia sauti, "Mama, sasa kitapumulia wapi?"

Nikamjibu mbele ya watu, "Umezaliwa jana, unanifundisha kihenge? Kwenu Igowole mmewahi kuuona mpira?"

Watu wakacheka. Akashuka akachukua kikapu kingine.

Mvua zikaja, zikakaa. Mwezi wa pili wa mvua mama yako akafungua mlango wa kihenge kuchukua mahindi ya kusaga, akaniita. Niliweka mkono ndani nikautoa haraka. Ndani mlikuwa na joto, Obadia, joto kama la tumbo la mtu mwenye homa. Mahindi yalikuwa yametoka jasho, jasho halikupata njia, likarudi likayala. Yalikuwa ya kijani na meusi, yameshikana kama uji uliolala. Harufu ile siku nyingine nikiamka naisikia bado.

Na pale karibu na mlango, kwenye lile pengo ambalo mpira uliniishia, mahindi yalikuwa makavu. Safi. Ya njano, yanalia kwenye kiganja. Niliyaona kwa macho yangu haya. Hakuna aliyehitaji kunieleza kitu. Nilijua palepale, nikiwa bado juu ya ngazi.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilimwambia mama yako aende kisimani. Alipoondoka niliyachukua yale mahindi mazuri kwa mikono miwili nikayachanganya na yaliyooza, nikakoroga mpaka asiweze mtu kuona yalikuwa upande gani. Kisha nikashuka, nikaita wazee wa ukoo, nikamngoja baba yako arudi kutoka kwenye mashamba ya chai, nikasema mbele yao wote: Yudita aliingiza mahindi mabichi. Yudita ni mvivu wa kuanika. Yudita ametuua kwa njaa.

Alikuwa ameyaanika majuma matatu. Alikuwa anayageuza kwa miguu yake asubuhi na mchana, wewe umelala mgongoni mwake hata ulipokuwa umeshapita umri wa kubebwa, maana ulikuwa unakataa kushuka.

Mzee mmoja akamwuliza, "Una la kusema?" Akasimama. Akasema, "Mikono yangu ilikuwa juani na mahindi. Mama alikuwa mjini." Basi. Hakutaja mpira. Mpaka leo sijui kwa nini hakuutaja. Nadhani alikuwa ananiachia mlango niutaje mwenyewe. Akanitazama, akangoja. Nami nikatazama miguu yangu.

Baba yako, mwanangu wa pekee, Mungu amrehemu, aliniamini mimi. Ningekuwa yeye nami ningeamini, mama yake aliyemzaa analia mbele ya wazee! Maneno yakawa makali, na mama yako akarudi kwao Igowole kabla ya juma kwisha. Wewe ulibaki. Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Desturi hiyo sikuitunga mimi, lakini siku ile niliitumia kama fimbo. Baba yako alipougua na kututoka, mama yako alikuja msibani akakaa nje na wanawake wa mbali, akaondoka bila kuonana nami. Sikumwita.

Mwaka ule wa njaa tulikula ndizi mbichi na mboga za porini, nawe ukawa unaniuliza kwa nini hakuna ugali. Nikakwambia, "Muulize mama yako." Mtoto wa miaka sita. Ndivyo nilivyokulea, kwa jibu hilo. Na nakuona ulivyolishika, maana umekuwa mtu mzima, unapita njia ya Mbeya, Igowole umeiacha pembeni kila safari, na akitajwa unasema, "Yule mama."

Kuna jingine, na hili nililitaka lisiingie kwenye karatasi, lakini nusu ya ukweli nimeshaiuza miaka mingi. Zile sweta. Kila mwaka kabla ya baridi ulikuwa unapata sweta mpya ya sufu, imefumwa kwa mkono, na kila mwaka ilikutosha, kana kwamba mfumaji anakuona unavyokua. Ulikuwa unaniambia, "Asante, bibi." Nami nasema, "Vaa, usiipasue." Mimi sijui kufuma, Obadia. Umewahi kuniona na sindano za kufumia? Mama yako alikuwa anazituma kwa wauza mbao wanaotoka huko kwao Mufindi. Alikuwa anawauliza urefu wako, wao wanaonyesha kwa mkono kifuani.

Kasirika. Una haki. Kasirika njia nzima mpaka Makambako, dirisha lipo, litazame. Lakini ukimaliza kukasirika unisikilize, maana kazi bado ipo na ni kubwa kuliko hasira yako na aibu yangu.

Usiache mpira uchomwe. Nisikie vizuri: sikukwambia mpira ni mbaya. Mpira hauna kosa lolote, aliyekosa ni aliyeuweka. Mimi vile vipande vyangu vilivyoota ukungu nilivirundika na mahindi yale nikavichoma nyuma ya nyumba ili nisivione. Moshi wake ulikuwa mzito, mweusi, unakaba. Wewe ulikohoa siku tatu, na jirani yetu mzee akahama kulala kwa binti yake. Basi ukisikia mkuu wako anataka kuuchoma, simama tena kama ulivyosimama. Mwambie wa kuchoma alishachoma, na bibi yako anaujua moshi wake.

Ulete. Lakini uwekwe mahali pasipopumua. Baada ya ile saba nilipata mjini mkunjo mwingine mmoja, kihenge kikiwa kimeshajaa, nao sikuutia humo. Nikauficha miaka, kwa aibu, kisha nikaupeleka kwenye zahanati ya misheni, wakautandaza kwenye saruji ya chumba cha kujifungulia. Upo mpaka leo. Akina mama wanasema sakafu haiwagandishi, na mkunga anaipangusa kwa kitambaa, damu haibaki. Mpira ule ule! Hapo umezaa watoto wengi, kihengeni uliua chakula. Zahanati yetu ya kijiji ina saruji tupu. Darasa la watoto wadogo nalo wanakaa chini, na Julai matako yao yanakuwa kama barafu. Huko ndiko kwake.

Na hata huko usitandaze kwa pupa. Yule mnene mwenye penseli alinifundisha, nami nilipaswa kumuuliza kabla, si baada. Chukua kipande, ukiweke kwenye saruji, ukikandamize pembeni kwa mawe, ukiache siku tatu. Kisha kifunue uguse chini yake. Ukikuta jasho, sakafu bado ina maji, subiri. Ukikuta pakavu, tandaza. Kwenye nyumba ya udongo iliyosiribwa usijaribu kabisa, udongo unapumua usiku na mchana kama sisi. Na ukiung'oa huko Mbeya usiung'oe asubuhi. Hilo unalijua, nilikwambia ukiwa mtoto, nilikuwa najisifu nalo kila mara. Sehemu niliyokuwa najisifu nayo nilikusimulia yote.

Sasa najua utafikiri: nimeshasema mkutanoni, watu wameshapiga makofi, nitarudi vipi niseme nimekosea? Ninakujua, una shingo yangu. Kwa hiyo katika jambo hilo nakutoa. Ijumaa kuna mkutano wa kijiji na wewe utakuwa umeshafika kazini kwako. Nitasimama mimi. Mwenyekiti atasema, "Bibi, kaa, tuna ajenda," nami nitamwambia ajenda ni mimi. Nitasema mbele ya wale wale wazee, wale waliobaki hai, kwamba mahindi yale yalipikwa na mpira wangu na kwamba niliyachanganya kwa mikono yangu. Nitawaonyesha mikono. Watakaocheka wacheke, lakini hakuna atakayeweka mpira kwenye kihenge chake baada ya hapo. Afadhali wanione mimi mjinga siku moja kuliko watoto wao wakaulize kwa nini hakuna ugali.

Usije ukanitetea. Usiandike barua kwa mwenyekiti useme bibi yangu ni mzee, amechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Sijawahi kuwa na akili timamu kama leo mchana huu.

Na Jumamosi nakwenda Igowole.

Nimeshapanga. Nitapanda gari mpaka Mafinga, nishike jingine, na pasipo gari nitatembea, magoti yangu yatanung'unika lakini yatafika. Sitakwenda na mshenga, sitakwenda na mzee wa ukoo wa kunisemea. Sitabeba kuku wala kitenge, maana nikibeba zawadi nitaanza kuzungumza juu ya zawadi. Nitakwenda mikono mitupu, nitasimama uani kwake. Sijui atanifungulia. Ana haki ya kunimwagia maji ya vyombo. Anaweza kuniambia nimechelewa, na ni kweli nimechelewa. Nimemnyang'anya mtoto miaka yote ile ambayo mtoto ni mtamu. Hiyo siwezi kuirudisha hata nikilala chini uani kwake mpaka nioze kama yale mahindi. Lakini neno lile aliloniachia nafasi nilitaje, siku ile mbele ya wazee, nitalitaja. Nitasema, "Yudita, kilikuwa hakipumui. Ulisema kweli." Nikishindwa kusema jingine lolote, nitasema hilo.

Naogopa. Siogopi nyoka, siogopi wanaume, siogopi kufa, unanijua. Naogopa Jumamosi.

Naona vumbi kule njiani, nadhani ni wewe unarudi, na hujabeba kuni hata kijiti, mwanamume mzima. Nitafunga daftari niwashe moto, na tukila nitakugombeza kama kawaida ili usishuku.

Sasa shika hili. Utakapokuja tena, na usithubutu kukaa miaka miwili na nusu, usije kwangu kwanza. Shuka Mafinga, uende Igowole, uingie kwa mama yako, umsalimie kwa kuinama, umwite mama. Kisha umwulize kama nilifika na nilisema nini. Akikwambia nilisema yote, njoo, nitakuwa nimepika. Akikwambia nilifika nikazungukazunguka na maneno, nikasifia kuku wake nikaondoka, usinisalimie ukifika hapa. Simama uani, usiingie, uniambie, "Bibi, vaa viatu," na unirudishe huko kwa mkono wako nikamalizie.

Ni mimi bibi yako niliyekulea.